Anayepitiwa na Bomba

Nilipata kazi ya ukalimani kwenye mradi wa bomba la gesi kwa sababu mkalimani wa kwanza aliugua malaria siku ya pili, na mimi nilikuwa likizo. Nafundisha jiografia sekondari, hapa Mbinga. Mkuu wa wapimaji alikuja shuleni kutafuta mtu anayejua Kimatengo vizuri na anayeweza kuandika muhtasari wa mkutano bila kuongeza chumvi, na mkuu wa shule akanitaja mimi. Nadhani alinitaja kwa hilo la pili. Mimi si mtu wa maneno mengi, na hunikera sana mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa. Mpaka mwaka ule niliiona tabia hiyo kuwa ni sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa upembuzi tu. Gesi ya Mtwara inakwenda Dar es Salaam kwa bomba, hilo kila mtu analijua, na sasa ilikuwa inaangaliwa kama tawi lingine linaweza kuja upande wetu wa magharibi, lipite Songea na Mbinga, literemke hadi Mbamba Bay, na huko mbele gesi ivushwe kwa namna fulani kwa majirani wa ng'ambo ya ziwa, ambao wana njaa ya nishati kama sisi. Nasema "ilikuwa inaangaliwa" kwa makusudi. Hakuna aliyeahidi kitu. Lakini kwetu, gari lenye watu waliovaa vikoti vya reflekta likishapita barabara moja mara mbili, jambo limekwisha kuwa kweli, na anayebisha anaonekana mchawi wa maendeleo.

Tulianzia ziwani na kupanda. Kwenye timu walikuwapo watu kadhaa, lakini wawili ndio wanaohusika hapa: injinia, mtu mzima kutoka Dar, mpole, aliyekuwa akikunja suruali kwa uangalifu kabla ya kuvuka kila kijito, na mpimaji, kijana aliyebeba mashine ya kupima kwa satelaiti, na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu.

Kijijini Lipingo tulifanya mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Nje wanawake walikuwa wameanika usipa, dagaa wa ziwani, na harufu yake ilikaa nasi mpaka mwisho. Pale wanazungumza Kinyasa, kwa hiyo katekista wao ndiye aliyetafsiri, mimi nikabaki na daftari la muhtasari. Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Injinia, hilo bomba likipita kwenye muhogo wangu, nyumbani kwangu tutapikia?"

Injinia alimjibu vizuri kabisa. Alisema gesi ndani ya bomba lile inasukumwa kwa nguvu ambayo jiko la nyumbani haliwezi kuihimili, na hakuna mtu atakayeruhusiwa kulitoboa njiani. Itapunguzwa nguvu kwenye stesheni, na stesheni zinazofikiriwa ni mbili, Mbinga mjini na Mbamba Bay, na hata huko wa kwanza watakuwa viwanda na mitambo ya umeme. Kwa mwananchi wa njiani, kwa sasa, hakuna kitu.

"Basi lipite pembeni ya muhogo," mzee akasema, akakaa.

Watu wakacheka, wakaanza kubishana pembeni ipi. Chiwanda, kijiji kilichofuata, waliuliza swali lile lile, wakapewa jibu lile lile. Maana yake ni kwamba nililisikia jibu mara mbili na kuliandika mara mbili kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata tukapanda milimani, na siku ya nne tukafika kijijini kwetu.

Mama yangu anaishi kwenye mgongo wa mlima, umbali wa dakika arobaini kwa bodaboda kutoka mjini, kama njia ni kavu. Juu ya nyumba kuna kahawa, na pembeni yake kuna mteremko wa ngoro. Asiyejua ngoro aelewe hivi: mlima wa kwetu umesimama mno, mvua moja inaweza kuondoka na shamba. Kwa hiyo majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana, yanafukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Maji yanakaa kwenye shimo badala ya kukimbia. Mwanaume analaza majani, mwanamke anachimba na kufukia. Tangu baba alipofariki mama anafanya yote mawili. Maharage ya mteremko ule ndiyo yaliyonisomesha.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo lazima nilieleze. Miaka mingi iliyopita parokia ilivuta maji ya mserereko kutoka kwenye chanzo cha juu. Mabomba yalipaswa kupita kwenye mashamba ya watu, na wazee wakapatana na padri wa wakati ule neno moja: anayepitiwa na bomba anapewa koki. Hakuna aliyedai fidia ya migomba iliyokatwa wala ya mtaro uliochimbwa. Ukipitiwa, unawekewa koki uani kwako, basi. Asiyepitiwa anakwenda na ndoo kwa jirani. Mtoto wa kwetu anakua akijua nyumba ipi ina koki na nyumba ipi inaomba.

Sisi tulikuwa tunaomba. Bomba lilipita chini yetu, hatua arobaini hivi, kwenye shamba la baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Usichana wangu wote niliteremka na ndoo, nikampa shikamoo baba mdogo, nikasubiri zamu. Hakuwahi kutunyima wala kutununia. Lakini mama hakuwahi kuizoea hali ile. Akirudi na ndoo alikuwa haongei mpaka maji yamechemka.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mzuri kuliko yote tuliyokuwa tumefanya. Watu walijaa. Waliuliza juu ya kahawa, juu ya makaburi, juu ya nani ataajiriwa kuchimba mtaro. Hakuna aliyeuliza habari ya koki. Nilikuwa nalingoja swali hilo, nimeandaa hata maneno ya Kimatengo ya kulijibu, na halikuja. Halikuja kwa sababu kwetu halikuwa swali. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu, kama mgeni kumuuliza mwenyeji kama atapewa chakula. Niliwasikia wanawake kwenye benchi la nyuma wakinong'ona kama koki ya gesi inafaa kuwekwa ndani ya jiko au nje ukutani, watoto wasije wakaichezea. Hawakuwa wanamwambia injinia. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria injinia aliyoambiwa injinia.

Nilikaa kimya. Nimejaribu baadaye kujitengenezea sababu nzito, na sijaipata. Mkutano ulikuwa unakwenda vizuri, saa nane ilikuwa inakaribia, nilikuwa na njaa, na hakuna aliyeniuliza. Mama alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa kitenge chake cha kanisani, na aliponitazama nikisimama karibu na injinia niliona anajivuna. Nilipenda kuona hivyo.

Ijumaa mpimaji alipiga vigingi vya mstari wa bomba kijiji kizima. Mstari ulipita chini, kwa baba mdogo, karibu sawasawa na lilipopita bomba la maji. Jumamosi na Jumapili timu ilipumzika mjini. Jumatatu tuliporudi, mpimaji aliwasha mashine yake, akatembea, akasimama, akaikung'uta kama redio mbovu, akatembea tena.

"Mwalimu," akaniambia, "nimefanya kazi hii Lindi, nimefanya Kilwa. Kote huko watu wanavisukuma vigingi nje ya mashamba yao. Huku wamevivutia ndani."

Ilikuwa kweli. Mstari aliouacha umenyooka sasa ulikuwa unakwenda huku na huku, unaingia kwa huyu, unatoka, unaingia kwa yule. Kila mtu alikuwa amejisogezea bomba, mwingine hatua tano, mwingine ishirini. Na kigingi cha baba mdogo kilikuwa kimepanda mlima hatua arobaini, kimesimama katikati ya ngoro za mama. Shinani kilikuwa kimelaziwa majani na kufukiwa kwa udongo ulioshindiliwa kisitetereke. Kila mwanamke wa kwetu ana namna yake ya kulaza udongo juu ya majani, na ya mama naijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

"Hapa ni kwa nani?" mpimaji akauliza.

"Kwa mama yangu."

"Kahamisha yeye?"

"Sijui," nikasema.

Mambo yangeishia hapo kama injinia asingekuja kuangalia. Aliposikia kisa alicheka kidogo, akaagiza vigingi virudishwe mahali pake. Halafu akashuka kwa baba mdogo, akaona pale chini panavuja maji, akapanda tena, akachota udongo wa kwa mama akausugua mkononi. Akasema bega lile la mlima ni kavu, na kwamba aliyehamisha kigingi hiki amewasaidia. Vigingi vingine vyote vikarudi. Kigingi cha mama na viwili jirani yake vikabaki, na mstari kwenye ramani ukapindishwa kuvifuata.

Siku mbili baadaye tuliingia uani kwa mama na fomu. Injinia aliisoma kwa Kiswahili kipengele baada ya kipengele, na kwa vile yalikuwa maneno ya kisheria niliyarudia kwa Kimatengo, nikimtafsiria mama yangu mzazi kama namtafsiria mtu baki. Kwamba ukanda litakapopita bomba utabaki wake mpaka mradi utakapoamuliwa. Kwamba mazao yaliyopo yameandikwa. Kwamba kuanzia leo asipande kahawa wala mti, na asichimbe. Mama aliitikia kila kipengele. Alipoambiwa asichimbe aliutazama mteremko kidogo tu, akaitikia. Ukanda ule ulikata ngoro zake katikati, na ulikuwa uchimbwe mwezi wa tatu kwa ajili ya maharage.

Alikuwa na swali moja. "Muulize kama litakuja kabla sijafa."

Nikauliza. Injinia akasema huo si uamuzi wake, bado kuna hatua nyingi. Nikatafsiri neno kwa neno. Mama akatabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia padri, akatia sahihi.

Mwezi wa tisa alinipigia simu, akasema anataka jiko la gesi, lile la meza, la plate mbili. Nikamuuliza na mtungi? Akasema mtungi wa nini, atakuja kuunganishwa. Nililinunua dukani mjini, nikalipakia kwenye bodaboda, nikampelekea. Nilikuta ameshajengesha chumba kidogo cha tofali ubavuni mwa nyumba, kina meza ya saruji yenye kimo cha kiuno, na ukutani fundi ameacha tundu upande unaoelekea kwenye vigingi. Mama ana macho yanayotoa machozi kutwa kwa sababu ya moshi wa kuni. Aliliweka jiko juu ya meza, akalifuta kwa kanga, akarudi kupika kwenye kuni nje. Nilikunywa uji wangu, nikaaga. Siku hiyo nilikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi nzuri, tulikuwa wawili tu. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimekaa kimya kwa miezi mitatu, na ningelazimika kueleza na miezi hiyo.

Naona aibu kuandika hivi. Wakati ule sikuona aibu, niliona usumbufu.

Krismasi nilikwenda kusali kijijini. Wakati wa Komunyo watu wa benchi letu walisimama, nikasogeza miguu mama apite. Hakupita. Nikafikiri ni magoti, maana kutoka benchi letu mpaka mbele ni mbali kidogo. Mwaka Mpya vile vile. Mama amekuwa Mwanamke Mkatoliki mwenye sare tangu sijazaliwa, na mimi nikafikiri ni magoti.

Mwezi wa tatu, Kwaresima ikiwa katikati, nilikwenda kumsalimia Ijumaa mchana. Majirani walikuwa wanachimba ngoro, milima yote ilikuwa na watu. Mteremko wa mama ulikuwa umechimbwa juu na chini, na katikati kumebaki ukanda wa majani marefu. Yeye alikuwa amekaa barazani anachagua maharage ya mbegu, kidogo kuliko ya mwaka jana.

"Kesho nakwenda kwa shemeji," akasema, "kabla ya kwenda kuungama. Padri atanirudisha huko huko, bora nitangulie."

"Kwa baba mdogo? Kuna nini?"

"Kile kigingi nilikihamisha mimi. Jumapili ile, watu walipokuwa misa ya pili. Koki ilikuwa ya kwake, mimi nikaichukua." Alikuwa anaongea huku mikono inafanya kazi. "Nitamwambia mafundi wakija wamwekee yeye. Mimi nitakwenda kuomba. Si nimezoea kuomba?"

Nikamwambia, "Mama, hakuna koki."

"Ya kwake?"

"Ya mtu yeyote. Gesi ile haitolewi njiani. Bomba likija litapita tu."

Aliendelea kuchagua maharage. "Nani kasema?" akauliza.

"Injinia. Alisema Lipingo, na Chiwanda akasema tena."

"Kabla hamjaja huku?"

"Kabla."

"Na jiko ukaninunulia."

"Ndiyo."

Nilitegemea agombe. Mama anaweza kugomba, na siku hiyo ningemshukuru. Akaweka ungo chini. "Nimekaa miezi tisa bila Komunyo kwa sababu ya koki," akasema. "Wewe unakaa na mimi benchi moja. Unanisogezea miguu nipite, sipiti, na huniulizi."

"Nilifikiri ni magoti."

"Ulifikiri," akasema. Akauchukua tena ungo, akaongeza, "Kesho jumuiya inasali kwa shemeji. Usirudi mjini." Usiku ule alinitaka nimsimulie yote tangu Lipingo, nikamsimulia.

Jumuiya yetu ni kaya kumi na kitu zinazosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo tulikaa uani kwa baba mdogo, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka, koki yake ya maji ikidondoka pembeni. Baada ya sala na matangazo mama aliomba nafasi. Alisimama akasema kwa Kimatengo kwamba alihamisha kigingi cha shemeji yake kwa tamaa, na kwamba anaomba msamaha mbele ya watu kwa kuwa alilitenda kwa kificho.

Baba mdogo alikuna kichwa. "Shemeji," akasema, "mwaka huu nimechimba ngoro zangu zote, hakuna aliyenizuia. Labda mimi ndiye ninayepaswa kukushukuru. Na hiyo koki ikija tutachangia."

Watu wakacheka, wakafurahi kwamba neno limekwisha vizuri. Mama hakucheka wala hakukaa. Alinigeukia, akangoja.

Nikasimama. Niliongea Kiswahili, kama nilivyozoea kwenye mikutano. Nikasema hakuna atakayepewa koki, si hapa, si kijiji cha jirani, na kwamba hayo yalielezwa wazi kule ziwani. Wanaojua Kiswahili vizuri wakaacha kucheka mara moja. Mama mmoja aliyekuwa amekata miti yake yote ya kuni mwezi wa kumi na kuuza mbao, kwa kuwa hataihitaji tena, aliniuliza taratibu, "Mwalimu, wewe ulijua lini?"

"Mwezi wa sita," nikasema. "Kabla hatujafika hapa."

Mwisho wa mkeka walikuwa wamekaa bibi wanne ambao Kiswahili kinawapita wakichoka. Mmoja akauliza kwa Kimatengo nimesema nini. Nilifungua mdomo niwaambie, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mama akaninyooshea kiganja ninyamaze, akawageukia, akatafsiri yeye.

Alianzia Lipingo, kwa mzee wa muhogo na swali lake. Akasema jibu alilopewa, na kwamba niliandika, na kwamba Chiwanda niliandika tena. Akasema mkutano wa hapa, kigingi, jiko, benchi la kanisani. Hakuongeza wala hakuacha kitu, na hakuharakisha, alingoja bibi wale waitikie kila kipande ndipo aendelee. Hakunitaja kwa jina wala hakuniita mwalimu. Kila aliponifikia alisema "mwanangu", na kila mara bibi wale waligeuka kunitazama, halafu wakamrudia yeye.